Mwaka Wavuvi Walipocheza Daraja la Juu

Msituambie kwamba mpira umeanza na simu zenu. Nasema hivi nikiwa bado na hasira, na ninyi wenzangu wa rika langu mtaniwia radhi kama naanza kwa kufoka kabla ya salamu. Jambo lenyewe ni la juzi tu, halijapoa.

Jumamosi iliyopita nilikwenda kwenye kibanda umiza cha mtaani kwetu, hapa Sumbawanga, kumtafuta Deo, mtoto wa kaka yangu, aliyekuwa ameondoka na funguo za duka langu la vitambaa. Nikamkuta amebanana na wenzake kwenye mabenchi, macho kwenye televisheni, kila mmoja simu mkononi akichungulia mkeka wake wa kubeti. Nikaona, kwa kuwa wote wana intaneti na simu yangu mimi ni ya kupiga na kupokea tu, niwaombe msaada. Nikataja timu moja ya Uskoti, kwa jina lake kamili la Kizungu, jinsi nilivyofundishwa kulitamka. Nikasema, "Wanangu, hebu niangalizieni, leo wamepata ngapi?"

Walitazamana. Mmoja akauliza, "Bimkubwa, hiyo ni timu au dawa ya meno?" Banda zima likaangua kicheko. Na Deo, huyu niliyembeba mgongoni, huyu niliyemfuta kamasi kwa upindo wa kitenge changu, badala ya kumtetea shangazi yake akasema, "Shangazi, kule hakuna ligi. Lile ni bonanza tu."

Nilichukua funguo zangu nikaondoka. Sikuwajibu, maana jibu langu lilikuwa refu kuliko dakika zao za mapumziko. Nalitoa hapa, kwenu ninyi mnaojua maana ya kuipenda timu ambayo hujawahi kuiona hata kwenye picha.

Ninachokumbuka kwanza ni baridi. Kijiji chetu kiko upande wa Kaengesa, juu kwenye uwanda wa Ufipa, ambako upepo wa Juni hauna mlima wa kuuzuia. Asubuhi nyasi zilikuwa nyeupe kwa barafu, na sisi tulikwenda shule pekupeku, kila mtoto na ukuni wake kwapani kwa ajili ya jiko la walimu. Pale ng'ombe walipolala palibaki joto, basi tulikuwa tukiwaamsha makusudi ili tusimame mahali pao mpaka nyayo zirudiwe na uhai. Leo mtoto anapelekwa shule kwa bodaboda, akipiga chafya moja mama yake anaomba ruhusa ya wiki. Sisi ruhusa yetu ilikuwa kufa, na hata hapo mwalimu mkuu angetaka kuthibitisha.

Tulikula ugali wa ulezi na maharage yaliyochemka tangu alfajiri. Mvua zikianza, tulikula uyoga, na kumbikumbi waliokaangwa kwa mafuta yao wenyewe, na porini tuligombania na nyani matunda ya msuku. Mpira tuliufunga wenyewe, matambara ndani, mfuko wa nailoni juu yake, na kamba za gome la mti nje. Uwanja ulikuwa nyuma ya kituo cha misheni, kipande cha ardhi ambacho wazee walikubaliana kisilimwe, kiwe cha ngoma na cha watoto. Kilikuwa kimeinama upande mmoja, hivyo timu iliyocheza kwa kupanda ilikuwa ikicheza na wapinzani na mlima pamoja. Nahodha wetu alikuwa Nestori, mtoto wa katekista, kijana mwenye mguu wa kushoto wa hatari na mdomo wa hatari zaidi. Sisi wasichana tulichezeshwa pale tu wavulana walipopungua, na mama akiniona alikuwa na neno lake lilelile: "Skola, mpira haujazi chungu." Nilimwitikia vizuri, kisha nikarudi uwanjani.

Ndipo akaja Fundi Yuani.

Alikuwa Mskoti, mrefu, ndevu nyekundu kama nywele za mahindi, amekuja kufundisha useremala kwenye karakana ya misheni. Kiswahili chake kilikuwa kimekatwa kwa msumeno butu, lakini hakukiogopa. Alipoona tunatetemeka mwezi wa Juni alicheka, akatuambia kuwa baridi kama hii kwao ndiyo kiangazi, watu wanavua makoti na kwenda ufukweni. Tulimhurumia sana. Baba yangu alisema mtu wa namna ile ndiyo maana alikimbia kwao.

Siku moja, mwezi wa Agosti, upepo ukivuruga vumbi la randa karakana nzima, tulimkuta na barua ya kwao mkononi, akicheka peke yake. Akatuambia, "Timu ya mji wangu wapanda! Wapanda juu!"

Sisi tukadhani wamepanda mlima. Nestori akauliza, "Wamepanda wapi, Fundi?"

"Daraja la juu. Babu yangu ngoja, hakuona. Baba yangu ngoja. Mimi ngoja. Mwaka huu, wapanda!"

"Sasa mbona wewe uko huku?"

Lile swali lilimzimisha. Alisema taratibu, "Ndiyo. Mimi niko huku." Akashika randa yake, akaendelea na kazi, na nadhani siku ile ule ubao aliuranda mpaka ukaisha.

Kidogo kidogo tukamjua vizuri. Mji wake ulikuwa mdogo, kando ya bahari ya baridi, na watu wake walivua samaki. Timu yao ilivaa jezi za kahawia, rangi ya kichuguu. Wachezaji wengine walifanya kazi bandarini asubuhi na mchana wakaingia uwanjani. Jina la timu lilitushinda kwa muda mrefu, tukaipa letu, Wavuvi. Aliyefurahi zaidi ni Athumani, ambaye baba yake alipandisha samaki, migebuka na dagaa, kutoka Kasanga kando ya Ziwa Tanganyika na kuwauza huku juu kwetu. Watoto wengine walikuwa wakimtania kuwa ananuka samaki. Sasa akapata la kusema. "Mmesikia? Wavuvi wako daraja la juu!"

Kila Jumamosi, jioni ikianza kuingia, tulikusanyika kwenye baraza ya karakana. Redio ya Fundi Yuani ilikuwa kubwa, ya mbao, na betri zake zilishinda juani juu ya bati siku nzima ili zipate nguvu ya jioni. Na hapa wenzangu mtanielewa hasira yangu ilipoanzia. Msomaji wa matokeo alianza na Uingereza. Daraja la kwanza lote, la pili lote, la tatu, la nne, timu za vijiji ambavyo naamini hata Malkia hakuvijua, zote zisomwe kwanza! Uskoti ilikuwa mwisho, kama watoto wa mke mdogo. Na mara nyingi, ilipofika zamu yao tu, redio ilikoroma, mawimbi yakapotea, Fundi Yuani akaikumbatia na kuizungusha huku na huku kama mtu anayembembeleza mtoto mwenye homa. Juma zima tulikaa bila kujua.

Nestori alitaka wasichana tusikae barazani. Alisema tunaleta mkosi. Mimi niliketi chini ya ukingo wa baraza, nikatega sikio, na nikagundua kitu. Yule msomaji alikuwa na wimbo wake. Akitaja timu ya pili sauti ikipanda, mgeni ameshinda. Ikishuka, mgeni amefungwa. Ikinyooka, sare. Jumamosi moja redio ilikoroma kabla ya namba kutajwa, wote wakashika vichwa, nami nikasema kutoka kule chini, "Ni sare." Jumatatu baba paroko aliporudi kutoka mjini na habari, ikawa sare kweli. Fundi Yuani akasema, "Skola akae juu. Skola ana sikio." Nestori alinuna mpaka Noeli.

Lakini msidhani tulikuwa tukisikia raha. Wavuvi walifungwa. Walifungwa nyumbani, wakafungwa ugenini, wakafungwa siku ya ukungu na siku ya theluji. Fundi Yuani alichora msimamo wa ligi kwa chaki kwenye ubao wa karakana, na jina la Wavuvi lilikuwa chini kabisa pale ambapo maji ya kupiga deki yalilirukia. Tulilima, tukafukia nyasi kwenye matuta, mvua zikaja, na wao bado chini. Baba yangu alipita na jembe begani akasimama kutucheka. "Timu ya kufungwa kila juma! Si bora mshangilie mvua, ambayo angalau inakuja?" Hatukuhama. Nataka vijana wa leo wanisikie hapa. Hatukuhama! Siku hizi kijana akifungwa mara mbili anabadilisha timu kama anabadilisha laini ya simu, na jezi mpya anaivaa siku hiyohiyo bila hata soni, kana kwamba ile ya jana ilivaliwa na ndugu yake.

Halafu ikaja ile Jumamosi karibu na Noeli. Wavuvi walikuwa wanakwenda kucheza na moja ya timu kubwa mbili za kule, timu ya jiji lenye moshi, yenye uwanja ambao Fundi Yuani alisema ungemeza Sumbawanga nzima na nafasi ikabaki. Alituonya mapema kwamba tusitarajie kitu. Mvua ilikuwa imenyesha, kumbikumbi wanaruka kwenye taa ya chemli, wengine tunawadaka na kuwala wabichi huku tukisikiliza. Msomaji akataja ile timu kubwa, na mabao yake: sifuri. Akataja Wavuvi, na sauti ikapanda. Ikapanda! Nilipiga yowe kabla ya namba. Ilikuwa moja, na moja ilitosha.

Fundi Yuani alitoka mbio kwenye matope, akazunguka kanisa, mikono juu, sisi nyuma yake. Ilikuwa saa ya sala ya jioni. Katekista alitoka na kitabu mkononi akidhani moto umewaka, na alipoambiwa sababu, akatuita wapagani, akamkamata Nestori sikio, lakini nilimsikia akimuuliza mwanawe kwa sauti ya chini, "Nani kafunga?" Wanawake waliokuwa wakirudi kutoka kisimani walipiga vigelegele bila kujua ni vya nini. Baba yangu alikuja mlangoni, akasikiliza, akasema, "Moja kwa sifuri? Kwao wale wakubwa?" Akarudi ndani. Jumamosi iliyofuata alikuja barazani na kigoda chake, akajifanya amepita tu.

Kuanzia hapo mambo yalibadilika. Wavuvi walipanda nafasi moja, wakashuka, wakapanda tena. Pasaka ikapita. Tulipokuwa tunavuna maharage, ilibaki mechi ya mwisho, na hesabu ya chaki ilionyesha kuwa wakipata sare tu, wanabaki daraja la juu. Anayeshuka atakuwa mwingine, timu ya mji mkubwa wenye uwanja wa viti. Jioni hiyo baraza haikutosha. Mama yangu, yule wa chungu, alisimama mlangoni akipepeta maharage yaliyokwisha kupepetwa. Msomaji akasoma Uingereza yote, Mungu amsamehe, na redio ikatuvumilia. Akafika kwa Wavuvi. Sauti ikanyooka. Fundi Yuani alinitazama mimi, si redio. Nikasema, "Sare."

Tulikunywa togwa usiku ule kama watu wa harusi. Babu yake alisubiri, baba yake alisubiri, na sasa Wavuvi wamebaki juu. Fundi Yuani aliimba nyimbo za kwao ambazo zilikuwa kama vilio, na sisi tukaitikia.

Sasa sikilizeni uovu.

Haikupita muda mrefu, katikati ya habari za michezo, mtangazaji alisema, kwa sauti ileile ya kusomea hali ya hewa, kwamba wakubwa wa ligi ya Uskoti wamekaa kikao. Wameona uwanja wa Wavuvi haukidhi masharti. Kwa hiyo Wavuvi watashuka, na ile timu iliyoshika mkia itabaki.

Fundi Yuani aliizima redio, akakaa. Nestori ndiye aliyeanza kumhoji, na sote tulisimama kumzunguka.

"Kwani walifungwa?"

"Hapana."

"Walichezesha mtu asiyeruhusiwa?"

"Hapana."

"Walimpiga refa?"

"Hapana, hapana."

"Sasa kosa lao nini?"

"Viti," akasema Fundi Yuani. "Hawana viti vingi."

Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuona uwanja wenye kiti. Athumani akauliza polepole, kama mtu anayetaka kuhakikisha hajasikia vibaya, "Viti vinacheza?"

Habari ilizunguka kijiji kabla giza halijashika. Na aliyechukia kuliko wote alikuwa baba yangu. Alisimama katikati ya baraza, kigoda kimeanguka nyuma yake, akasema, "Mtu amelima mwenyewe, amepalilia mwenyewe, amevuna. Halafu unakuja kumwambia, ghala lako dogo, mavuno mpe jirani? Jirani aliyelala?" Wazee wakaitikia. Walilijua jambo la namna hiyo, kila mmoja kwa njia yake. Walilijua kutoka kwenye mizani ya mnunuzi wa mahindi, kutoka kwenye mabaraza ya ardhi walikoshinda kesi na kurudi bila shamba. Hakuna aliyehitaji kuujua mpira ili kuelewa.

Kesho yake, baada ya misa, Nestori alituita uwanjani. Alipanda juu ya kichuguu. Nakumbuka kaptula yake ilivyochanika nyuma, na hakuna aliyecheka. Alisema, "Kama ni jukwaa, tofali tutafyatua sisi."

Mkinicheka, chekeni. Tulikuwa watoto waliozoea. Shule yetu ilijengwa kwa tofali za mikono ya wanafunzi, na zahanati pia. Kwetu jengo likikosekana dawa yake ilikuwa matope. Kwa usafiri, Athumani alisema baba yake anajua wenye mitumbwi ya injini Kasanga, watazivusha tofali hadi Mpulungu, upande wa Zambia, na kutoka Mpulungu Mungu atajua. Tukaona mpango umekamilika.

Tulishuka mtoni kila baada ya shule. Wavulana walichimba na kukanyaga, wasichana tulibeba maji kwa ndoo na vibuyu, Nestori alishika fremu ya mbao na kupiga kelele. Maji ya Juni yalikata miguu kama kisu. Mikono ilipasuka, tukaipaka mafuta ya kondoo usiku, kesho tukarudi. Tofali zikapangwa kwa mistari, zikafunikwa nyasi. Mama hakusema neno lolote la chungu. Alinipa ndoo kubwa zaidi.

Fundi Yuani siku zile alikuwa hatoki. Alifundisha, akala, akaingia ndani. Mwishowe alisikia kelele za mtoni, akashuka kuona, akakuta mistari ya tofali imefika mpaka kwenye matete.

"Za nani hizi?" akauliza.

Nestori akajibu, "Za kwenu. Za viti."

Alichuchumaa. Aliweka kiganja chake juu ya tofali moja mbichi, alama ya vidole ikabaki. Aligeukia mtoni, ndevu zake zikitikisika, na sisi tukawa tunatazama vidole vyetu vya miguu, maana watu wazima wakilia mtoto hana pa kuweka macho. Kisha akasema, "Asante. Asanteni. Lakini mbali. Mbali sana."

Baba yangu, aliyekuwa amekuja nyuma yake, ndiye aliyetoa neno. "Basi zijengwe hapahapa. Uwanja wetu nao hauna kiti."

Watu wazima walitusaidia kuzipanga tanuri na kuzichoma. Fundi Yuani akajenga, akipima kwa kamba kila mstari, ngazi pana za kukalia upande wa juu wa uwanja, kiasi cha kijiji kizima kukaa. Mama alikuwa wa kwanza kuketi. Alitazama uwanja wote kutoka pale, akasema, "Kumbe mtu akikaa anaona." Kuanzia siku ile timu zilitoka Laela, zikatoka Msanzi, zikaja kucheza kwetu ili tu zione watu wameketi. Nestori aliwazungusha wageni kama mwenye nyumba. "Hili tumejenga kwa hasira," aliwaambia.

Fundi Yuani aliondoka mwaka uliofuata, mkataba wake ulipokwisha. Wavuvi hawajarudi daraja la juu mpaka leo. Mimi niliolewa, nikahamia mjini, nikazaa, nikafiwa na mume, na bado Jumamosi jioni kitu fulani hunikereketa mpaka nijue. Ndiyo maana niliwauliza wale vijana.

Lakini niseme kweli, kicheko cha kibandani kisingeniuma hivi kama kisingeangukia kwenye kidonda kingine. Mwezi uliopita niliitwa kijijini kwenye mkutano. Barabara imechongwa upya, magari yanapita, na uwanja wetu sasa uko pazuri kwa biashara. Hoja ilikuwa ukatwe viwanja vya maduka, jukwaa libomolewe, tofali zigawanywe.

Nilikwenda nimejiandaa kupigana na vijana. Njia nzima kwenye basi nilikuwa nayapanga maneno yangu juu ya simu na mikeka. Nilipofika, hawakuwepo. Kulikuwa na mechi kubwa ya Uingereza, wote wamekwenda kwenye televisheni. Aliyesimama kutoa hoja alikuwa mzee mwenye upara na fimbo nzuri. Alikuwa Nestori.

"Uwanja umekufa," alisema. "Watoto hawachezi tena. Ardhi imelala bure."

Nilisimama. "Kaka Nestori, shikamoo. Watoto hawachezi kwa sababu magoli yaling'olewa yakawa kuni na hakuna mtu mzima aliyeyarudisha. Na lile jukwaa ulifyatua wewe. Nilikubebea maji mimi."

Alitabasamu, na tabasamu lile ndilo linaloniamsha usiku. "Marahaba, Skola. Utoto ule, dada yangu. Utoto."

Watu wakacheka kidogo. Mwenyekiti akaomba wanaokubali wanyooshe mikono. Nikazungusha macho, nikaitambua mikono yote iliyopanda. Niliijua ikiwa imepasuka kwa baridi, nikiwa nimeipaka mafuta ya kondoo mwenyewe. Mmoja tu, ukiacha wangu, haukupanda. Ulikuwa wa Athumani, ambaye amezeeka palepale kijijini na duka lake la samaki. Mwenyekiti akamuuliza kama ana lolote. Alisema, "Miaka yote hapa mnaniita mtu wa ziwani. Leo nashukuru." Akachukua kofia yake, akatoka. Nami nikatoka nyuma yake.

Nimewasema vijana, na nitawasema tena, wanastahili. Wanaimba majina ya wachezaji wa London na hawamjui golikipa wa shule ya jirani. Lakini kijana hakunyoosha mkono siku ile. Walionyoosha ni ninyi, wenzangu, mnaosoma haya mkitikisa kichwa na kusema enzi zetu, enzi zetu. Tulipokuwa wadogo, bila viatu, bila koti, tulikasirika kwa ajili ya watu wa bahari ya mbali ambao hawakujua hata kama tumezaliwa, na hasira ile hatukuilaza, tuliipeleka mtoni ikafanye kazi. Leo tuna viatu, tuna makoti, tuna kauli kwenye mikutano. Mahali pa kuchezea wajukuu wetu pamekatwa mbele ya macho yetu mchana kweupe, na kitu pekee nilichosikia watu wa rika langu wakiulizana, wakati tunasubiri basi, ni nani amepata kiwanja cha kona.